Kufunga mashine ya mkia mfupi kwenye boti ndogo na kuirekebisha majini

Aliyewahi kupwelewa kwenye mlango wa Siyu, huku kwetu Lamu, anajua saa sita zina urefu gani. Maji yanapwa, tope linatokea, mikoko inaanika mizizi, na chombo kinalala ubavu pamoja na abiria wake, magunia yake na barafu inayoyeyuka juu ya samaki. Pate nako ni hivyohivyo: maji yakiwa hayapo unawashusha watu Mtangawanda, nao wanamalizia safari kwa nchi kavu.

Autobodi ya kawaida, ile mashine inayofungwa nyuma ya boti na mguu wake kuzama majini, haipendi maji hayo. Propela yake iko chini kabisa ya boti, na inajipoza kwa kunyonya maji ya bahari. Ukiipitisha kwenye tope inanyonya tope, impela ya pampu inakatika mabawa, na hujafika mbali mashine imeshachemka. Mashine ninayoieleza hapa ilibuniwa kwa maji ya namna hiyo. Kwao ni kwenye vinamasi vya Louisiana, Marekani, ambako wawindaji wa bata hupita palipo na majani mengi na maji ya kufika magotini. Wenyewe huiita sefesi draivu (surface drive). Mimi naiita mashine ya mkia mfupi, isije ikachanganywa na ile ya mkia mrefu ya Thailand, ambayo shafti yake hutoka nyuma ya boti mita mbili na zaidi.

Nimefunga kadhaa, kwenye boti za faiba na za mbao, na moja niliifunga vibaya. Karibu kila tatizo nililoliona kwenye mashine hizi lilianzia kwenye tezi, yaani ubao wa nyuma wa boti: ama ilikuwa dhaifu, ama mwenye boti alitoboa matundu kabla hajaona chombo chake kinalala vipi majini kikiwa na mzigo. Kwa hiyo nitakaa sana hapo, na mengine nitayapitia haraka.

Mashine yenyewe

Kichwa chake ni injini ya petroli inayopozwa kwa hewa, ndugu wa zile za pampu za shamba na jenereta za dukani. Kwa boti ya futi 14 hadi 18 hutumika silinda moja, nguvu-farasi 6 hadi 13. Honda GX200 na GX390 ndizo zinazojulikana zaidi, na nakala zake zimejaa madukani. Injini inakaa juu ya tezi. Puli yake inazungusha puli ya chini kwa belti, na puli ya chini inazungusha shafti fupi iliyomo ndani ya bomba, inayotoka nyuma karibu sambamba na uso wa maji; huo ndio mkia. Mwisho wa bomba iko propela, yaani rafadha. Juu ya propela kuna bati lililolala, la kuzuia hewa isivutwe kutoka juu. Chini yake kuna pezi la chuma linaloikinga ikigusa chini, na linalosaidia boti kukata kona.

Boti nyepesi ikienda mbio, nusu ya chini ya propela iko majini na nusu ya juu iko kwenye povu. Ndipo inapopata uwezo wa kupita palipo na maji machache. Hapohapo ndipo kimo chake kinapokuwa jambo la kupimwa kwa sentimita. Ikipanda kidogo inakamata hewa, injini inalia na boti haisogei. Ikishuka kidogo inalemewa, injini inachoka na boti inalima maji.

Yajue mambo mawili kabla hujatoa pesa. Nyingi za mashine hizi hazina rivasi, na zile ndogo zisizo na klachi huzungusha propela papo hapo unapovuta kamba. Kwa hiyo pondo, yaani mti wa kusukumia chombo, na kasia zisitoke botini hata siku moja. La pili, hii ni mashine ya tope, mchanga na mikoko. Ukitoka nje ya Shela kwenye mawimbi ya kusi, tezi ikinyanyuka propela inabaki hewani, na hapo autobodi yenye mguu mrefu inaishinda mbali. Kwenye matumbawe pia si mahali pake.

Boti inayoifaa

Tafuta boti yenye tumbo bapa, au karibu bapa, na tezi iliyokatwa mraba. Dau lenye ncha nyuma halifai bila kujengewa tezi mpya, na hiyo ni kazi ya fundi wa vyombo, si ya fundi wa mashine. Mashua ndogo na boti za faiba za kuvulia zinafaa.

Angalia mkuku, ule ubao mrefu wa katikati chini ya chombo. Mkuku ukifika hadi mwisho wa tezi, unachana maji mbele ya propela na kuipelekea povu badala ya maji mazito. Boti itakuwa nzuri kwa mwendo wa taratibu, kisha ukifungua mafuta propela inateleza. Dawa yake ni kuupunguza mkuku polepole katika nusu mita ya mwisho, uishe kabla ya kufika kwenye tezi. Kama ni boti ya mbao mwite aliyeijenga au anayejua ilivyojengwa, maana mkuku ndio uti wa mgongo wa chombo na haukatwi ovyo.

Kuipa tezi nguvu

GX390 peke yake, bila mafuta, ina uzito wa kilo 31. Ongeza bomba, puli, shafti na chuma cha kushikia, na uzito huo unakwenda kukaribia mara mbili, wote umening'inia kwenye ubao mmoja. Juu ya hapo, propela inaposukuma boti mbele, sehemu ya chini ya chuma cha kushikia inagandamiza tezi na sehemu ya juu inajaribu kung'oka kwenda nyuma. Ukigonga mzizi, mambo yanageuka kwa nguvu ya ghafla. Tezi nyembamba ya faiba huanza kupumua: unaiona ikiingia na kutoka kila unapoongeza mafuta. Baada ya wiki chache nyufa zinatokea pembeni.

Gonga tezi yote kwa mpini wa bisibisi kabla ya kitu kingine. Sauti kavu, ya juu, ni nzuri. Sauti ya kufa, kama unagonga papai, maana yake ubao wa ndani umelowa na kuoza, na hakuna bolti itakayoshika hapo. Usiifunike kwa faiba mpya. Kata, toa uozo wote, kausha, weka plaiwudi ya baharini upya, ndipo ufunge kwa faiba na resini.

Tezi ikiwa nzima, ongeza ubao wa ndani. Kwenye boti za mbao mimi hupenda mbambakofi wa unene wa inchi moja na nusu, kutoka ukingo mmoja wa tezi hadi mwingine, usiwe kipande cha katikati tu. Kipande kifupi huhamisha nguvu yote mahali kinapoishia, na hapo ndipo tezi huvunjika. Kisha funga magoti mawili ya mbao kutoka tezi hadi kwenye mataruma (mbavu za chombo) ya nyuma, moja kila upande. Magoti hayo yanabeba kazi kubwa kuliko unene wote utakaouongeza.

Pima boti ikiwa majini

Sasa lile kosa langu. Boti yangu ya kwanza niliipima ikiwa juu ya magogo huko Matondoni, jua la asubuhi, kila kitu kikavu na kizuri. Nilibana ubao ulionyooka chini ya tumbo, nikauachia utokeze nyuma, nikaweka katikati ya shafti chini kidogo ya mstari ule kama kitabu cha mashine kilivyosema. Nikatoboa. Jioni nikaijaribu mtupu, mimi na kijana mmoja, na ilikwenda kama mshale.

Kesho yake nikapakia watu sita na magunia manne ya saruji. Tezi ikazama vidole vinne zaidi. Propela, iliyokuwa nusu majini na nusu hewani, sasa yote ilikuwa chini. Injini ikaanza kutoa moshi mweusi, haikupanda mzunguko hata nilipofungua mafuta yote, na harufu ya mpira unaoungua ikajaa botini. Mkia nilikuwa nimeufunga kwenye tundu la juu kabisa la kuurekebishia, hapakuwa na nafasi ya kuunyanyua zaidi. Belti ilikatika katikati ya mkondo, upande wa Manda. Tulirudi kwa pondo, na abiria wangu, wenye haki ya kukasirika, walinyamaza njia nzima.

Mzee mmoja fundi aliyeiona boti ile ikivutwa pwani hakuniuliza habari ya mashine kabisa. Aliniambia, "Mwanangu, kishushe kwanda, ndipo upime." Nikaziba matundu yote manne kwa epoksi, nikakishusha chombo, nikaanza upya. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Boti ikiwa majini, weka mizigo ya uzito uleule utakaoubeba siku ya kazi. Magunia ya mchanga yanatosha kukaa badala ya watu. Weka uzito wa mashine pia juu ya tezi, pamoja na tangi lililojaa. Subiri maji yatulie, kisha piga alama kwa penseli nzito mahali maji yanapofika kwenye tezi, upande wa kulia, wa kushoto na katikati. Alama za pembeni zisipolingana, boti imelalia upande. Panga mzigo upya kabla ya kuendelea. Kisha ondoa mzigo na upige alama nyingine ya boti tupu. Sasa una mistari miwili, na kati yake ndimo mashine yako itakamoishi.

Ivute boti juu. Bana ubao ulionyooka wa mita moja na nusu chini ya tumbo ili utokeze nyuma kama mita moja. Huo ndio mstari wa tumbo, na vipimo vyote vinaanzia hapo.

Kama boti yako ni nyepesi na inapanda juu ya maji ikienda mbio, maji yanaiacha tezi kwenye ukingo wake wa chini. Katikati ya shafti ikae usawa wa mstari wa tumbo, au chini yake sentimita 2 au 3. Vitabu vingi vya mashine vinazungumzia boti ya namna hii, bapa, nyepesi, yenye mtu mmoja au wawili na mbwa. Zetu si hizo. Boti iliyobeba watu wanane, mitungi ya maji na kreti za soda haipandi juu ya maji kwa nguvu-farasi 13. Inakwenda ikiwa imezama, na maji nyuma ya tezi yako juu. Kwa boti hiyo mimi huinua shafti sentimita 3 hadi 5 juu ya mstari wa tumbo. Nisizidishe hapo, maana tezi yenyewe itaizibia propela maji. Na huchagua propela ya mwinuko mdogo zaidi, yaani inayosogea hatua fupi kwa kila mzunguko, ili injini isilemewe.

Kwa boti ya aina yoyote, uhakikishe kwamba kwa mzigo wako wa kawaida mkia uko katikati ya nafasi yake ya kurekebishwa. Pabaki nafasi ya kuunyanyua na nafasi ya kuushusha. Hilo ndilo nililolikosa mimi.

Kutoboa na kufunga

Kutafuta katikati ya tezi usitegemee jicho wala mkuku, kwa sababu chombo kilichojengwa kwa mkono hakikosi kupinda kidogo. Funga uzi kwenye ncha ya omo, yaani mbele ya chombo, upime hadi kona moja ya tezi, kisha kona ya pili. Vipimo vikitofautiana, sogeza alama yako ya katikati hadi umbali uwe sawa. Mashine iliyokaa pembeni hata sentimita 2 itaivuta boti upande siku zote.

Kata kiolezo cha karatasi ngumu chenye matundu ya chuma cha kushikia, kibandike kwenye tezi, rudi nyuma hatua tano, tazama. Pima tena. Ndipo utoboe. Tumia bolti za stenlesi za milimita 10 au 12, na kwa ndani weka bamba la chuma au aluminiamu chini ya nati ili nguvu isambae. Washa ndogo, ile pete ya chini ya nati, peke yake itazama ndani ya mbao.

Kwenye tezi yenye mbao ndani, toboa tundu pana kuliko bolti, jaza epoksi, iache ikauke, halafu toboa tundu la kipimo katikati ya epoksi hiyo. Inakugharimu siku moja zaidi, lakini maji ya chumvi hayatagusa mbao kamwe. Paka gundi ya baharini kwenye shingo ya kila bolti. Silikoni ya bafuni haidumu hapo. Kaza kwa zamu, bolti ya juu kulia kisha ya chini kushoto, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Na ufunge mnyororo au kamba imara kutoka kwenye mashine hadi kwenye pete ndani ya boti, ili hata bolti zote zikikatika mashine isiende chini.

Belti, oili na swichi ya kuzimia

Puli mbili zikae kwenye mstari mmoja. Nyoosha uzi kupita kwenye nyuso za puli zote mbili: uguse sehemu nne kwa pamoja. Ukiona mwanga kati ya uzi na chuma, sogeza injini kwenye matundu yake marefu hadi mwanga uishe. Belti ukiibonyeza katikati kwa dole gumba iingie kama sentimita moja. Ikiwa legevu itateleza na kuungua. Ikikazwa mno itakula beringi.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya Marekani havilitaji kwa sababu abiria wao hawavai kama wetu. Belti isiyo na kifuniko ikikamata buibui au kikoi ni hatari ya kifo. Mashine nyingi za bei nafuu huja na kifuniko cha nusu tu. Tengeneza kifuniko kamili cha bati au faiba, chini na juu, na usimruhusu mtu kukaa nyuma kabla hujakifunga.

Injini nyingi huuzwa bila oili ndani. GX200 inachukua lita 0.6 na GX390 lita 1.1, oili ya 10W-30. Pima injini ikiwa imelala sawa, jinsi itakavyokaa botini. Injini hizi hurusha oili kwa kijiko kidogo kilicho chini ya pistoni, kwa hiyo hazitaki kuinama zaidi ya digrii 20. Mkia ukiushusha sana, injini nayo inalala, kwa hiyo weka pimamaji juu ya injini ukiwa umeuweka mkia mahali pake pa kazi.

Swichi ya kuzimia yenye kamba ya mkononi iwepo na ifanye kazi. Ukianguka majini mashine isiyo na rivasi wala klachi itaendelea kuzunguka. Ijaribu nchi kavu kwanza, sekunde chache tu, propela ikiwa wazi na watu wote mbali.

Ukishafunga mashine mpya, ipeleke boti ikakaguliwe na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na uwajulishe BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, ya diko lako, yaani mahali unapoegesha boti. Makoti ya kuokolea yalingane na idadi ya watu.

Kurekebisha majini

Chagua maji yaliyosimama, mwisho wa kujaa, na ikiwezekana siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Bamvua, yaani maji makubwa, inavuta sana na itakudanganya. Ukipima mwendo kwa simu, nenda na urudi kwenye mstari uleule, uchukue wastani, maana mkondo unakuongezea upande mmoja na kukupunguzia mwingine. Kuweni wawili: mmoja ameshika mpini, mwingine anatazama nyuma na kuandika.

Pata kipimo kidogo cha mzunguko, kile ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi. Bei yake ni ndogo na kitakuambia mengi kuliko sikio. Injini hizi zimewekwa zifike karibu mizunguko 3,600 kwa dakika mafuta yakiwa wazi kabisa. Anza na mzigo wa kawaida, mkia katikati, ongeza mafuta taratibu.

Ikifika 3,500 au 3,600 na boti inasukumwa vizuri, umepata. Iache.

Ikikwama kwenye 3,000, moshi mweusi, mlio mzito, propela inalemewa. Unyanyue mkia kwa tundu moja, ujaribu tena. Ukiunyanyua hadi mwisho na bado haipandi, propela ni kubwa kwa boti hiyo. Badilisha iwe ya mwinuko mdogo. Hapo ndipo utakapoona mtu anashika skurubu ya gavana, kile kidhibiti cha mzunguko wa injini, na kuifungua ili "ipate nguvu". Usifanye hivyo. Ikizidi 3,600 oili inayorushwa kwa kijiko haitoshi, na mkono wa pistoni ukivunjika hutoboa ubavu wa injini.

Ikilia kwa sauti nyembamba, mizunguko inaruka na boti inapungua mwendo, propela inavuta hewa. Ushushe mkia kidogo. Ikitokea tu unapokata kona, punguza mafuta kabla ya kona. Mashine hizi zote zina tabia hiyo kwa kiasi. Ikitokea hata mbele moja kwa moja mkia ukiwa chini, rudi kwenye mkuku, au angalia kama bati la juu limepinda.

Sasa tazama omo. Omo ikichimba maji na kurusha pembeni, mkia uko chini mno: shafti iliyoinamia nyuma inanyanyua tezi na kuisukuma omo chini. Unyanyue. Omo ikipanda na kushuka kama pomboo, mkia uko juu mno, au uzito wote umekaa nyuma. Kabla ya kugusa mashine, sogeza tangi, nanga na mtungi wa maji mbele. Mara nyingi inatosha.

Kisha mpini. Propela inayozunguka nusu majini huvuta upande mmoja kwa nguvu kuliko ya autobodi. Mvutano mdogo ni wa kawaida. Mvutano unaochosha bega kwa safari ya nusu saa hauvumiliki. Kama mashine yako ina kibati kidogo cha usukani kinachogeuzwa, fuata kanuni hii: boti ikivutia kulia, geuza ncha ya nyuma ya kibati kulia; ikivutia kushoto, geuza kushoto. Milimita chache kila mara, ukaze, ujaribu. Usipokuwa nacho, nyanyua mkia kidogo au sogeza mzigo wa pembeni.

Ukimaliza kwa mzigo, jaribu mtupu. Andika kwa rangi kwenye chuma cha kushikia tundu la mzigo ni lipi na la mtupu ni lipi. Kijana atakayeiendesha usipokuwepo atakushukuru.

Neno kuhusu majani. Mashine hii inaweza kukata nyasi za bahari, lakini hilo si ruhusa ya kuzikata. Nyasi hizo ndizo malisho ya kasa na nguva, na ndimo samaki wetu wachanga wanamokulia. Ukifika juu yake kwenye maji machache, zima, nyanyua mkia, chukua pondo. Kwenye mikoko pia, nenda polepole. Mawimbi ya tezi yanafukua udongo wa miche michanga.

Baada ya safari

Baada ya saa ya kwanza kaza bolti zote upya, maana mbao hukaa. Baada ya saa tano tena. Oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100.

Kila jioni mwagia mkia maji ya kisima. Injini usiimwagie, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa mapezi ya kupozea, kwa kuwa chumvi ikigandamana hapo hewa haipiti. Sukuma grisi ya baharini kwenye chuchu za bomba hadi grisi safi itokee kwenye sili. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Badilisha sili kabla beringi haijaliwa. Kipande cha zinki kilichofungwa karibu na shafti kikishaliwa nusu, weka kipya.

Botini ziwepo belti ya akiba, plagi (BPR6ES kwa GX zote mbili), pini ya propela, spana za bolti zako, na kamba ya kuwashia.

Na unapoiacha boti dikoni usiku, kumbuka maji yatapwa. Chombo kikikaa chini mkia ukiwa umeshuka, uzito wote wa nyuma utakalia pezi, na asubuhi utakuta chuma cha kushikia kimepinda. Nyanyua mkia, uufunge kwa kamba kwenye pete ya ndani, uweke kipande cha ubao chini ya bomba kuubeba, ndipo ushuke.